Kigae cha 30,031

Mume wangu ni fundi vigae, na nyumba yake ina sakafu ya saruji. Mganga hajigangi. Miaka thelathini na tano amepamba bafu za watu, na mimi miaka hiyohiyo nachota maji kwenye bomba la uani, nikikanyaga tope kila mvua inaponyesha.

Kila kazi ilipoisha aliomba vigae vichache vilivyobaki, vile vidogo vya sentimita mbili, akavitia kwenye makopo ya rangi. Magoti yalipomgomea akastaafu, akavihesabu. Vilikuwa 30,030.

"Mama watoto, namba hii ni malaika! Inagawanyika kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, hata kumi na tatu. Nikipanga safu 165 za vigae 182, napata baraza kamili. Hakikatwi kimoja, hakibaki kimoja."

"Na njia ya bombani?"

"Wageni kwanza."

Wageni! Wageni wetu wanahesabika kwa vidole. Niliumia, sifichi. Lakini nami nimefunga bidhaa kiwandani miaka ishirini, najua namba gani inaenea boksi gani. Siku mbili nikapika huku nagawa namba kichwani. Kisha nikafungua sanduku langu la nguo, nikatoa kigae kimoja cha buluu, nikakitumbukiza koponi. Nilijua lazima atahesabu tena.

Hesabu ya pili ikatoka 30,031. Akagawa kwa mbili, kikabaki kimoja. Kwa tatu, kimoja. Tano, saba, mpaka kumi na tatu, kimoja kilekile. Mzee akanywea.

"Si utoe kimoja?" nilimchokoza.

"Kila kimoja kina nyumba kilikotoka, situpi. Basi tena, hii ni namba tasa. Haigawanyiki."

"Umeishia kumi na tatu kwa sababu kazi za watu hazikukudai kugawa zaidi. Endelea."

Akaendelea, ananung'unika. Kumi na saba ikakataa, kumi na tisa ikakataa. Alipofika hamsini na tisa, hakikubaki kitu. Safu 59 za vigae 509, na ukiacha mstari wa kigae kimojakimoja, hakuna mpangilio mwingine. Ni upana wa mita moja na ushee, urefu wa mita kumi na kitu. Akatazama mlango wa jiko, akatazama bomba.

"Haya, namba imeamua," alisema.

Alitandaza wiki tatu, amekalia kigoda, mimi nampa vigae. Siku ya mwisho, chini ya bomba, akashika kile cha buluu, akakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wake wa ujana: tarehe aliyoniposa. Pete hakuwa nayo siku ile, akanipa kigae.

"Mwanamke wewe!"

Nikangoja kugombezwa. Akacheka mpaka akashika magoti, kisha akakipachika pale ninaposimama nikichota.

Kesho yake mvua ilinyesha. Ndoo alichota yeye.