Redio na Usingizi wa Sajini

Mtaani walimwita Redio, na hakununa. Miaka thelathini ya kusuka nywele ilimfundisha kwamba mteja hafuati mikono tu, hufuata na umbea. Akiishiwa habari za watu, alisimulia za kuku wake.

Mashoga zake walishika mbavu kwa kicheko aliposema amejitolea kwenye shirika linalowasaidia wanajeshi waliorudi kutoka vitani wakiwa wazima wa mwili, lakini akili zimebaki kule.

"Wewe ukasikilize watu? Kwa mdomo huo?"

Akacheka nao. Hakuwatajia kaka yake, askari aliyerudi akajifungia chumbani mpaka akafa. Redio, pamoja na maneno yake yote, hakuwahi hata kumbishia hodi.

Mshauri wa shirika alimpa masharti: usikae nyuma ya mtu, acha mlango wazi, usiulize maswali. Akamkabidhi sajini mstaafu mwenye macho mekundu. Mke wa Sajini alikaa nje ya mlango, kwenye benchi. Yeye alishasema yote: miaka tisa mumewe hulala dakika chache, peke yake, mgongo ukutani. Aliwahi kumpiga usingizini bila kujua. Asipopata nafuu hapa, mke anarudi kwao na watoto.

Jumatano mbili Redio alikaa kimya, jasho likimtoka. Ya tatu ulimi ukamshinda. Alianza na kuku, akaja kwa jirani aliyepaka nyumba rangi ya maboga, akarudi kwa jogoo. Alipoinua macho, Sajini alikuwa anakoroma.

"Nimemchosha mtoto wa watu," akawaza, akanyamaza kwa aibu.

Sajini akashtuka, ngumi juu. Kwa woga Redio akaendelea palepale: "Basi yule jogoo, si akaingia kanisani!" Ngumi zikashuka. Mkoromo ukarudi.

Mke alikuwa amesimama mlangoni, viganja mdomoni, machozi yakimtiririka. Mshauri naye alikuwa kaduwaa. Vyuo vyote alivyosoma havikumfundisha habari ya jogoo.

Redio akasema saa nzima, akasema ya pili. Aliona vidole vya yule mtu vikilegea kimoja kimoja. Alikuwa na hofu ya mtu aliyekabidhiwa kichanga cha wenyewe. Ee Mungu, kumbe hata kupayuka kwake kuna kazi! Alitamani kulia, ila hakukuwa na nafasi ya kulia.

Saa ya tatu sauti ilianza kukauka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yalimwishia. Akampa mke ishara: njoo. Mke akatikisa kichwa. Miaka tisa hakuwa amemkaribia mumewe akiwa amelala. Sauti ya Redio ikakatika kabisa.

Mke akaingia mbio, akakaa mbele ya mumewe.

"Mwanetu mdogo," akasema, "jana kang'oka jino. Kalificha, hataki mtu alione."

Sajini akafumbua jicho moja, likamtua mkewe usoni. Lile jicho likamtazama mke, likamtazama, kisha likafumba.

"Jino lipi?" akauliza Sajini, sauti nzito ya usingizi.

"La mbele, baba watoto. La juu." Akasogeza kiti karibu, akaendelea kusema.