Siku Niliyokunywa Maziwa Juu ya Matumbo

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu karibu na Litein, kulikuwa na sheria moja niliyoiogopa kuliko Amri Kumi: ukila nyama, usiguse maziwa siku hiyo, la sivyo ng'ombe ataharibika kiwele. Gogo, nyanya aliyetulea, hakukosa kanisa hata Jumapili moja, lakini kwa jambo hilo hakuwa na mzaha.

Basi mchana mmoja Mama Kwamboka, jirani yetu Mkisii, akanipakulia ugali na matumbo. Nikala mpaka nikalamba vidole. Jioni Gogo akanimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu. Kukataa kungekuwa kukiri. Nikanywa.

Siku ya pili kiwele kikavimba. Maziwa yakatoka na damu, halafu yakakauka kabisa. Tulikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu.

Ndugu yangu Kiplangat, wa miaka miwili, alikuwa ametoka tu kuugua, na uji wa maziwa ndio pekee aliokubali. Asubuhi alitema uji usio na maziwa. Jioni alitema ugali na sukuma. Siku ya nne hakuwa hata na nguvu za kulia. Gogo aliuliza mara moja tu nani amekula nyama. Nikasema si mimi. Nami nikaacha kula, nikimwomba Mungu anichukue mimi, amwache yeye. Sijawahi tena kuogopa vile.

Siku ya tano Gogo alikwenda kwa Mama Kwamboka, akarudi na supu ya matumbo. Akaponda humo viazi na mboga ya managu, akamlisha Kiplangat kidogo kidogo. Akameza. Kisha Gogo akasukuma bakuli la pili mbele yangu. Nikalia, nikasema siwezi.

"Siku ile uliponirudishia kikombe, ulinukia matumbo," akasema polepole. "Ng'ombe ameshaharibika. Nyinyi siwapotezi. Kula."

Leo Kiplangat ana watoto watatu. Wangu hunywa uji wa wimbi na njugu asubuhi, jioni ni managu na maharagwe, na nyama na maziwa bado sichanganyi, mnicheke mkitaka. Daktari wa mifugo aliniambia juzi kwamba ugonjwa ule huletwa na uchafu wa kukamua, wala si matumbo. Nimechelewa kumpelekea Gogo habari hiyo. Alikwenda kaburini akiamini ni mimi niliyemmaliza ng'ombe wake, na hakuwahi kumwambia mtu.