Maharagi ya Pande Nne

Stanislas Balagizi hakuwa na diplome, hakuwa na ndugu mkubwa Kinshasa, na sura yake ulikuwa unaisahau kabla hujafika mlangoni. Alikuwa na kichwa, basi. Kwa miaka kumi na miwili alitunza faili za chuo kimoja cha walimu pale Nguba, na hakuna aliyewahi kumwona akifungua daftari la kutafutia. Ukimtajia mwanafunzi wa mwaka sitini na tisa, alitazama dari kidogo, akasema: kabati la tatu, droo ya pili, farde ya kumi na moja, karatasi ya nne. Ukienda, unaikuta. Serikali ilikuwa imeshatuvua majina ya ubatizo, kwa hiyo ofisini alikuwa Citoyen, yaani raia, Balagizi. Mkewe Virginie alimwita Stani, na majirani walimwita Machine. Hilo la mwisho alilipenda kupita yote, maskini.

Mwaka 1978 Profesa Emile, mwalimu wa hesabu, alirudi kutoka Ulaya na mchezo. Haukuwa wa kushindana. Unaweka maharagi katika matundu ya ubao, halafu sheria inafanya kazi yenyewe: haragi lenye majirani wachache linakufa kwa upweke, lenye wengi mno linakufa kwa msongamano, na tundu tupu lenye majirani wa kutosha linapata haragi jipya. Hatua kwa hatua unatazama kijiji kikikua au kikiisha. Kwenye ubao mmoja hata mtoto angeweza. Emile, kwa sababu zake za kisomi, alitaka pande nne. Akamchongesha seremala mbao kumi na sita zenye matundu kumi na sita kila moja, akazipanga katika minara minne. Haragi likawa na jirani wa kushoto na kulia, wa mbele na nyuma, wa juu na chini, na tena jirani katika mnara wa pembeni, kama vile minara yote imesimama mahali pamoja.

Msaidizi wake, Pascal, kijana wa Bunyakiri aliyetoka Lubumbashi na shahada mbichi, alijaza kurasa na kurasa akitafuta hatua zijazo, na kila mara alisahau majirani wa mnara wa pili. Stanislas aliingia kuleta faili, akasimama akitazama. Alisema kwamba huo ulikuwa mpangilio wa ofisi yake: karatasi ndani ya farde, farde ndani ya droo, droo ndani ya kabati. Minara ndiyo makabati. Haragi linaweza kubaki karatasi ileile, farde ileile, droo ileile, likahama kabati tu, na huo ndio upande wa nne. Akafumba macho, akataja hatua tatu za mbele. Pascal alihakiki kwa siku mbili, asipate kosa hata moja.

Stanislas hakujua kunyamaza. Mbele ya wanafunzi alimwambia Pascal, kwa wema kabisa:

“Iko mwepesi, citoyen. Acha tu kuangalia na macho.”

Wanafunzi walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nasema wazi, katika mji huu mtu anaweza kusamehewa wizi kwa urahisi zaidi kuliko kicheko cha namna hiyo.

Walipokuja wakaguzi kutoka Kinshasa, Emile alitaka kuwaonyesha mtu wake. Stanislas alivaa shati lake la misa. Yakawekwa maharagi ishirini na matatu, akayatazama kwa dakika moja, akakalishwa akiuelekea ukuta. Alitaja hatua ya tano: yatabaki maharagi tisa, na akasema kila moja liko wapi. Nyuma yake wanafunzi na Pascal walicheza mchezo wenyewe, wakiondoa na kuongeza kwa mikono. Ilipita saa mbili na nusu. Katika hatua ya nne kijiji chote kilikufa. Halikubaki hata haragi moja.

Mkaguzi mmoja aliuliza, kwa adabu, kama huyu ndiye yule mtu. Emile akajibu kwamba kabati linatunza karatasi, kufikiri si kazi yake. Abacost zote, zile suti za wakubwa zisizo na tai, zikatikisika kwa kicheko, na Stanislas akageuka kutoka ukutani akicheka nao, maana hakujua uso wake aufanye nini.

Kesho yake alitafuta faili, akaipata pale alipodhani iko, na hakuamini. Akafungua droo nyingine tatu kuhakikisha. Baada ya mwezi alikuwa anafungua makabati yote kwa kila karatasi, na foleni ya watu ilifika uani. Baada ya miezi saba walimtoa pale wakampa kiti cha mlinzi getini. Nyumbani alimuuliza Virginie mara mbili mbili kama mlango umefungwa, huku yeye mwenyewe ameushika ufunguo. Hakuna aliyemwita tena Machine. Virginie alilia kwa siri, kisha akazoea, na hilo la kuzoea ndilo linaloniuma zaidi.

Miaka kumi baadaye yeye na Virginie walialikwa kwenye ndoa huko Kalehe. Pascal alikuwepo, sasa mtu mkubwa mwenye tumbo na dereva, na mchana ule alikuwa anachekesha meza nzima. Akamwona Stanislas, akamvuta kiti, akammiminia bia.

“Papa Stani, unakumbuka siku ya ma-inspecteurs? Njo mimi nilitosha haragi, wakati ulikuwa unaangalia ku ukuta. Emile alijua. Tulicheka ile mangaribi mpaka machozi.”

Meza ikacheka. Stanislas alishikilia glasi kwa mikono miwili. Kwa hiyo haragi liliondolewa kwa mkono, na labda hakukosea. Alihitaji kitu kimoja tu ili ajue.

“Ulitosha gani?”

“Gani nini?”

“Ile haragi. Ilikuwa ku ubao gani?”

Pascal alimtazama kama anayemwonea huruma.

“Sikumbuke, papa. Haragi njo haragi. Ao nilitosha mbili.”

Akageukia wengine na kuanza kisa kingine. Stanislas aliinuka, akaenda kukaa pembeni ya hema karibu na Virginie. Yale maharagi ishirini na matatu bado aliyaona yote, kila moja katika kabati lake. Ikiwa mwanzoni lilitolewa moja au mawili, kulikuwa na namna mia mbili sabini na sita za kujaribu. Namba hiyo ilimjia papo hapo, bila kalamu. Alimnong'oneza Virginie, akamuuliza kama ni kweli. Virginie, aliyeishia darasa la tatu, alisema hajui. Basi akaomba kalamu kwa jirani, akapiga hesabu juu ya kadi ya mwaliko, ikatoka mia mbili sabini na sita. Akaikata namba hiyo kwa mstari, akaanza upya.