Leso Juu ya Redio

Harufu ya nafthalini ilinijia nilipofungua sanduku kutafuta sweta, na kabla sijaigusa nilijua ni leso ya zambarau ya Susu, nyanya yangu aliyenilea Matinyani. Kwa wiki mbili swali moja la kipumbavu lilikuwa limeninyima usingizi. Kwenye mahojiano ya kazi waliniambia, "Tutakupigia." Sasa je, nikiiacha simu kwa saa moja, na saa hiyo ndiyo wapige? Jumatano kulikuwa na kitubio cha Majilio parokiani, saa nne asubuhi, saa ya ofisi kabisa. Sikuwa nimeungama tangu nimalize chuo. Nikakaa sakafuni chumbani mwangu hapa Kwa Vonza, leso mapajani, mawazo yakanirudisha nyumbani.

Kwetu Majilio hayakuanzia kanisani. Yalianza pale Susu alipofunika redio. Jumapili ya kwanza, tukitoka Misa, alivua viatu, akaikunjua leso na kuifunika redio polepole, maandishi yakiangalia juu, kama anayefunika mtoto aliyelala. Haikusikika tena mpaka mkesha wa Krismasi. Mjomba Kyalo aliulilia mpira wake bure. Jirani yetu Mama Ndinda alikuwa mlokole, na redio yake ilianza kuimba Krismasi tangu wiki ya kupanda. Alipenda kutuchokoza kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Kyalo, nyinyi Wakatoliki mmemfungia Yesu redio?"

"Sisi tunamngoja," Susu alimjibu akicheka. "Wewe umemwimbia mpaka amechoka kabla hajazaliwa."

Mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane, matokeo yaliangukia katikati ya Majilio. Mama, aliyefanya kazi ya kibarua mashambani kule Kiboko, alikuwa ameahidi kunipeleka shule ya bweni nikipita. Nisipopita, ningerudia darasa na watoto niliokuwa nikiwasimamia wakifagia. Nilimsihi Susu aifunue redio, hata kwa habari za saa saba tu.

"Matokeo yako hayako ndani ya redio," alisema. "Yako shuleni."

Siku hiyo alipokwenda shambani kuchuma majani ya kunde, niliibeba redio hadi nyuma ya ghala na kuifungua kwa sauti ya chini, sikio likiwa limebanwa kwenye spika. Mtangazaji alisema matokeo yametoka, akaanza kusoma majina. Nikangoja langu. Aliposoma kama kumi hivi na kuingia tangazo la mbolea, nilijua nimeanguka. Haikunijia hata kidogo kwamba watoto wa nchi nzima hawawezi kusomwa redioni mmoja mmoja.

Niliirudisha na kuifunika kwa haraka, na maandishi ya leso yakabaki yameangalia chini. Susu aliyaona mara tu alipoingia. Alivuta kinu, akamimina mahindi makavu, akayanyunyizia maji kidogo, akanikabidhi mchi. Tulikuwa tunaandaa muthokoi. Nikaanza kutwanga kwa fujo, punje zikaruka mpaka kwa kuku.

"Pole pole, Mwende. Tunatoa maganda, hatusagi unga."

Hapo machozi yakanishinda. "Susu, nimeanguka mtihani."

"Nani amesema?"

"Redio. Haikusoma jina langu."

"Redio inakujua?"

Nililifikiria swali hilo kwa makini, kama ninavyofikiria kila kitu. "Hapana."

"Basi twanga."

Tukatwanga kwa zamu, yeye akisali Salamu Maria kwa sauti ya chini, pigo kwa pigo. Maganda yalinata vidoleni, yakanuka kama ardhi iliyonyeshewa. Tulipofika kwenye kupeta, nilianza kusikia mbuzi tena, na kuku wakigombania punje zangu, na pumzi yangu mwenyewe. Kesho yake mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nilikuwa nimepita. Nilikimbia njia nzima, nikamkuta Susu kando ya kinu kile kile, akaniinua kutoka chini kana kwamba bado nina miaka minne.

Jambo moja nililijua baada ya kumzika tu, siku tulipogawana leso zake. Mama aliniambia kwamba wiki ile Susu naye alikuwa akingoja majibu yake, ya uvimbe waliompima hospitalini. Yalikuja mazuri, akaishi miaka mingi. Lakini alasiri ile ya kutwanga alikuwa bado hajui. Mimi nilidhani ametulia kwa sababu hana linalomsumbua.

Jumatano asubuhi niliifunga simu ndani ya leso, maandishi yakiangalia juu, nikaiweka sandukuni na kutoka. Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu. Mara mbili mkono wangu ulipapasa mfuko mtupu. Mara ya tatu haukupapasa. Nilipofika kwa padre nilisahau nusu ya mambo niliyopanga kusema, nikasema yaliyokuwepo.

Niliporudi chumbani, sanduku lilikuwa pale pale. Simu huenda ilikuwa imelia, huenda haikulia. Niliinjika muthokoi kwanza, na muthokoi haiivi haraka.