Mstari Nilioongeza Kwenye Fomu ya Ukaguzi

Ofisi yetu iko Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi, katika jengo la ghorofa moja ambalo wapita njia hudhani ni duka la mabomba. Ndani yake tunachora ramani za sakafu ya bahari. Wapimaji wetu hupima vina kuanzia Kilifi hadi kaskazini ya Malindi, na sehemu ya kazi hiyo ni ya serikali, hupigwa muhuri mwekundu wa SIRI. Mimi niliajiriwa kuhakikisha kwamba kilichopigwa muhuri huo hakitoki nje.

Mkataba unatutaka tujikague wenyewe kila mwaka kabla wakaguzi wa serikali hawajaja. Nilipofika kutoka Machakos niliiona kazi hiyo kuwa ndogo. Nilikabidhiwa fomu ndefu ya maswali. Je, makufuli yanafunga sawasawa? Je, kompyuta za chumba cha ndani zimetengwa na mtandao? Je, karatasi za kutupwa husagwa? Je, mtunza masijala anatimiza wajibu wake? Mwaka wa kwanza nilizunguka na kalamu nikatia alama ya ndiyo mpaka chini. Mwaka wa pili vilevile. Kwenye swali la mtunza masijala sikusita hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kosa lake.

Alikuwa mzee wa Takaungu, mrefu, mwenye sauti ya chini, shati lake limepigwa pasi na kofia yake nyeupe imeshonwa kwa mkono. Masijala ya siri ni chumba kisicho na dirisha chenye makabati ya chuma, na hakuna jalada lililotoka humo ila kwa mkono wake. Vijana wa pwani walimwita Ami, nami nikafuata. Yeye aliniita binti. Kila asubuhi nilipopita mlangoni kwake kumpa shikamoo, marahaba yake ilinifikia kabla sijamaliza neno.

Mwaka wa tatu mkurugenzi wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliniambia fomu peke yake haitoshi. Alitaka tujijaribu. Basi nikaandika namba za majalada kwenye vikaratasi, nikavikunja, nikavitia ndani ya kikombe, nikaenda masijala. Kila nilipokitoa kimoja na kuisoma namba, Ami aliinuka, akafungua kabati, akaingiza mkono na kurudi na jalada lenyewe. Hakupapasa huku na huku. Nilipomwomba ahesabu kurasa, kidole gumba chake kilipita pembeni mwa karatasi kama mtu anayehesabu kitambaa, akasema idadi, nami nilipohesabu nikaikuta ile ile. Ndipo nilipoona kwamba kila jalada lilikuwa na uzi wa katani, na kila uzi ulikuwa na mafundo yake. Nilidhani ni unadhifu wa kizee. Nilishangaa, lakini nilishangaa juu juu tu.

Jaribio la pili lilikuwa la kadi. Tuna mpimaji mmoja aliyevunjika mguu utotoni, na ana ruhusa ya kusoma nyaraka za siri. Niliazima kadi yake ya kazi nikampa mchoraji mpya asiye na ruhusa hiyo, nikamtuma akaombe ramani fulani bila kueleza lolote zaidi. Mimi nilisimama kwenye ujia, mahali ninapoweza kusikia.

Mchoraji alisalimu kwa sauti nyembamba, akasema anakohoa, akanyoosha kadi. Kisha nikamsikia Ami akisema taratibu, "Mwenye kadi hii huburuta mguu wa kulia. Wewe umeingia kwa miguu yote miwili. Nenda kamrudishie kadi yake, na mimi nitaandika kwamba ulikuja."

Nilitaka kuingia nimpongeze. Nilikuwa nimeshika mlango tayari pale wazo liliponijia kwamba picha ya mpimaji, mwenye ndevu na upara, ilikuwa mbele ya uso wake wakati wote, na kijana yule hana hata unywele mmoja kidevuni. Kwa nini hakuitaja picha?

Nilimwomba daftari la kutolea nyaraka. Watu hujiandikia wenyewe humo na yeye huweka sahihi mwishoni mwa mstari. Miezi ya mwanzo ilikuwa safi. Kisha sahihi zake zilianza kupanda na kushuka, na kwenye kurasa za karibuni mbili zilikuwa zimekaa moja juu ya nyingine. Nilikuwa nimelipekua daftari hilo miaka miwili mfululizo nikitafuta majina ya wageni, na sikuwahi kuutazama mkono wake.

"Ami," nikasema, "picha kwenye kadi ilikuwa ya nani?"

Aliniomba nifunge mlango.

Alinieleza kwa utulivu kwamba macho yake yalianza kuingia ukungu tangu mwaka nilioajiriwa. Mwanzoni alidhani ni miwani. Ukungu ulipozidi, alianza kubaki kila adhuhuri wengine wanapokwenda kula, akafunga mafundo kwenye majalada yote, kabati moja baada ya jingine, akajifundisha nyayo na pumzi za kila mtu mwenye ruhusa. Hakumwambia mtu. Alihofu kurudishwa nyumbani akakae barazani bila kazi. Nilimuuliza kama aliwahi kukosea kumpa mtu jalada. Akasema hapana, na nilipolipitia daftari lote baadaye na kulilinganisha na makabati, nilikuta amesema kweli. Hakuna karatasi hata moja iliyopotea.

Mimi nilikuwa na macho mazima na sikuona kitu kwa miaka miwili, naye alikuwa ameishika masijala nzima vidoleni. Nilianza kutafuta njia ya kumsitiri. Nilimwambia jaribio amelifaulu, kwa hiyo naweza kuandika kwamba kadi ilikataliwa, basi.

Alitikisa kichwa. "Leo nimemtambua kwa mguu. Kesho wataleta mtu anayetembea kama mwenzake. Katika fomu yako pana mahali pa kuandika kwamba mtunza masijala haoni?"

Nikasema hapana.

"Basi ongeza mstari, binti."

Niliuongeza mbele yake, kwa mkono, chini ya swali la mwisho. Kisha nikaongeza na wa pili, kwamba miaka miwili iliyopita mkaguzi alitia alama bila kupima, na mkaguzi huyo ni mimi. Mkurugenzi alisoma mistari yote miwili amesimama. Alinikemea mimi, na nilistahili. Ami hakumkemea. Alimpa likizo siku hiyo hiyo, akapiga simu Mombasa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, na kwamba hutolewa.

Wiki ambazo hakuwapo nilikaa masijala mimi. Siku moja umeme ulikatika nikajaribu kutafuta jalada kwa mafundo yake. Nilishindwa mara tatu nikaacha.

Alipotolewa hospitalini nilikwenda kumjulia hali Takaungu. Jicho moja lilikuwa bado limefungwa bandeji. Mkewe alinikaribisha kwa kahawa na kaimati, na Ami alipoingia ndani kuswali alasiri, mama huyo aliniuliza kwa sauti ya chini mumewe anafanya kazi gani hasa. Wameoana tangu ujana wao. Nilimwambia anatunza makaratasi.

"Na mimi ndivyo anavyoniambia," akasema, na akacheka kidogo, bila kinyongo. Sijui kama niliwahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mumewe saa ile, nikiwa nimeshika kikombe cha mkewe.

Alirudi kazini kabla ya wakaguzi wa serikali kufika. Mkuu wao aliisoma mistari yangu miwili, akamwomba Ami amtajie aliyekuwa kwenye kadi tano tofauti, naye akazitazama moja moja na kumtaja kila mtu kwa jina. Walipokwenda zao Ami alinigeukia mimi, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe ni kijana," akasema. "Kwa jinsi unavyokanyaga, nilidhani ni mtu mzima."