Hamisi Ameanua Masufuria

Leo hapa Kitangari mtu wa mbio amekimbia kweli, na laiti angekaa tu.

Binamu yangu Hamisi amerudi kutoka Marekani. Kule anacheza ule mpira wao wa umbo la papai, wa kushika mikononi. Kazi yake ni kuchomoka mbele na kudaka unaotoka juu. Basi, ndiyo anayolipiwa.

Soko huria, jamani! Tulianza kuuza korosho, sasa tunauza na wadakaji.

Mchana wingu likafunga. Bibi yetu Somoe akapanga ndoo na masufuria yote chini ya bati ili tukinge maji. (Shida ya maji huku mnaijua.)

Mvua ikaanguka. Sisi tukakimbilia nyuma ya nyumba kuanua korosho zisilowe.

Hamisi naye hakutaka kukaa bure. Akaanua masufuria.

Yote. Na ndoo. Kwa mbio zile zile za kulipwa!

Tuliporudi mvua imekatika. Bibi akatazama uwanja ulivyolowa, akatazama vyombo vikavu sebuleni.

"Mume wangu, na hao Wazungu bado wanakulipa kudaka?"

Tukacheka mpaka machozi. Hamisi hakucheka.

"Hapana, Bibi. Wameniacha. Nilikuwa naangusha sana."

Sote tulidhani yuko likizo.

Bibi akamkabidhi ndoo. "Haya, kasimame pale. Wingu lingine linakuja."

Mpaka sasa yuko nje, ndoo kifuani, macho juu.

Niambieni, nicheke au nimpelekee sufuria?