Ramani ya Simu Iliwaita Watu Kwenye Duara Letu

Wiki tatu zilizopita, kati ya Jumapili asubuhi na Jumanne jioni, nilipoteza duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, lililokuwa kwenye shamba la marehemu baba yetu, na mtu asiye na kosa akapoteza jina lake kwa sababu yangu. Admin, nifichie jina, huku kwetu tunajuana.

Nina miaka 43, mama wa watoto watatu, naishi Geita mjini. Nilianza kwa kukaanga maandazi ya wachimbaji, leo nina karasha mbili za kusaga mawe. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo mjue kwamba si mtu wa kulialia.

Shamba liko upande wa Ushirombo, anakokaa kaka yangu mkubwa. Akilima mihogo aliokota jiwe, akaniletea nilisage, likatoa dhahabu. Tukawa watatu: kaka mwenye shamba, mimi wa kugharamia, na fundi wa kuchimba niliyefanya naye kazi miaka tisa. Wa nne hakuna. Hata wifi yangu aliambiwa tunachimba kisima. Mnaoishi huku mnajua kwa nini. Neno likitoka kabla hujapata leseni, unaamka shamba limejaa maturubai ya wachimbaji, na aliyetangulia kuomba ndiye anayesikilizwa.

Maombi yetu yalikuwa yaende Jumatano. Fomu inataka vipimo vya eneo. Kaka alitaka tumwite mpima, nikakataa. Nilimwambia mpima akionekana kwenye mihogo na kile chombo chake, kijiji kizima kitajua kabla hajafika kona ya pili, na simu ninayo. Ijumaa nikasimama pembeni ya shimo, nikafungua ramani, nikabonyeza palipoandikwa ongeza mahali. Nikaandika "Duara jipya" nisije nikachanganya na mashamba yangu mengine, nikaweka na picha ya jiwe. Nilijua najiwekea mwenyewe, kama ninavyohifadhi namba ya mtu. Simu ikaniambia asante.

Jumapili walikuja wachimbaji kumi na wanne. Jumatatu niliacha kuhesabu nilipofika mia mbili. Jumanne mashina ya mihogo hayakuonekana tena, na mtu tusiyemjua alikuwa ameshaomba leseni ya eneo lile. Mwanamume mmoja wa Tinde, kashika sururu, alinionea huruma akidhani nami nimekuja kubahatisha.

"Mama, umechelewa. Ila kule pembeni bado kuna nafasi, wahi uweke hata jiwe la alama."

Ndani ya shamba la baba yangu. Nikamuuliza aliambiwa na nani, akanigeuzia simu yake. Duara jipya. Picha ya jiwe, na pembeni ya jiwe mguu wangu na kandambili yangu ya bluu.

Nilinyamaza. Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata dhahabu yenyewe. Jioni ile kaka alituita mimi na fundi, akahesabu kwa vidole.

"Tulikuwa watatu. Mimi sijasema. Huyu ni damu yangu. Amebaki nani?"

Fundi alikunja turubai lake akaondoka. Sasa kila machimbo anakokwenda wanamwambia nafasi zimejaa, maana kaka amemtangaza kuwa anauza siri. Mke wake alinipigia, akaniambia mimi namjua mume wake, niseme na kaka. Nikamjibu nitasema. Sijasema.

Wenye ramani nimewaandikia mara tisa. Majibu tisa yamekuja, kila moja chini ya dakika moja, na yote yanafanana. Wanataka nichague sababu ya kupaondoa: hapapo, pamefungwa, pamehama, pameandikwa mara mbili, au jina lina matusi. Ya sita, kwamba ni kwangu na sikuomba patangazwe, haipo. Nikachagua hapapo. Wakajibu kwamba wamehakiki na papo, kwa sababu watu wengi wanapatembelea! Namba ya kuongea na binadamu nimeitafuta mpaka nimechoka. Wanajua jana nililala wapi, ila mimi sijui mlango wao uko wapi nibishe hodi. Juzi wameniandikia wenyewe kunipa hongera, picha yangu imetazamwa mara 2,140, wakaniomba niongeze nyingine.

Najua mtasema ningesoma kwanza. Nimerudi kusoma. Kitufe ni kikubwa, cha bluu. Maneno kwamba kila mtu ataona yako chini, madogo, ya kijivu, ungedhani ni uchafu kwenye kioo. Kwenye karasha zangu mteja akileta mawe, hakuna anayeruhusiwa kuchungulia mfuko wake mpaka aufungue mwenyewe. Mimi niliyeishia darasa la saba hilo nalijua, wao na elimu yao hawalijui?

Jumamosi saa nne kaka ameitisha kikao nyumbani. Mama yetu atakuwepo, fundi naye ameitwa. Nitaulizwa nilimwonyesha nani. Nikisema sikumwonyesha mtu, nitakuwa nimesema kweli, na fundi ataondoka pale na jina la mwizi. Nikitoa simu, kaka, ambaye simu yake ni ya vitufe, ataelewa jambo moja tu, kwamba ni mimi. Nilitaka kampuni iniandikie kilichotokea nikisome mbele yao. Kama kuna mfanyakazi wao humu, anijibu: nani aliamua siri yangu iwe tangazo, mimi au ninyi?

Nanyi wengine, pole zenu nazishukuru lakini sizihitaji. Nitoe simu au ninyamaze? Niandikieni neno moja, toa au nyamaza, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu gari langu la Ushirombo linaondoka saa saba.